Kura ya urais Kitui na Makueni: ni yapi yanayoiamua?

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, huku Pwani husikika kauli moja barazani: "Wakamba wote humfuata Kalonzo." Ikishasemwa hiyo, mazungumzo yamekwisha, watu huagiza kahawa nyingine na kuhamia habari za mpira.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeoa Kibwezi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikipanda Barabara ya Mombasa kwenda kuwaona wakwe, na mara nyingine tukivuka hadi Kitui kwa jamaa zao. Nimekaa nao matangani, harusini na penye foleni ya maji, na siasa haikosi kuzungumzwa pote hapo. Kauli ile ya barazani ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo yenye faida kwetu Wapwani, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Kaunti zenyewe kwa ufupi

Kitui na Makueni, pamoja na Machakos, ndizo kaunti tatu za Ukambani. Kitui ina maeneobunge manane: Mwingi Kaskazini, Mwingi Magharibi, Mwingi ya Kati, Kitui Magharibi, Kitui Vijijini, Kitui ya Kati, Kitui Mashariki na Kitui Kusini. Makueni, iliyomegwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, ina sita: Mbooni, Kilome, Kaiti, Makueni, Kibwezi Magharibi na Kibwezi Mashariki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Katika uchaguzi wa 2022 kaunti hizi mbili zilikuwa na wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni moja.

Hawa ni jirani zetu. Kitui imepakana na Tana River na Taita Taveta, na Makueni nayo imepakana na Taita Taveta. Misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, na Krapf alipotoka Rabai mwaka 1849 alikwenda hadi Kitui kwa mkuu wao Kivoi. Mjini Kitui wapo Waislamu wa siku nyingi ambao asili yao ni biashara hiyo ya Pwani na bara. Vilevile Wakamba wamejaa Changamwe, Mikindani na Shimba Hills. Kwa hivyo tukizungumzia kura zao, tunazungumzia watu tunaoishi nao mlango kwa mlango.

Kura zilivyokwenda tangu vyama vingi

Mwaka 1992 kura za Ukambani ziligawanyika, khasa kati ya Daniel arap Moi wa KANU na Mwai Kibaki wa DP. Mwaka huo Charity Ngilu aliingia bungeni kwa tikiti ya DP kutoka Kitui ya Kati.

Mwaka 1997 Ngilu aligombea urais kwa chama cha SDP. Yeye na Wangari Maathai walikuwa wanawake wa kwanza kuwania kiti hicho Kenya. Ngilu alimaliza wa tano kwa chini kidogo ya asilimia 8 ya kura za nchi nzima, nyingi zikitoka Ukambani. Lakini Moi naye alipata kura nyingi huko huko, kwani Kalonzo Musyoka, mzaliwa wa Tseikuru, Mwingi Kaskazini, alikuwa waziri wake wa mambo ya nje.

Mwaka 2002 Ngilu na Kalonzo walikuwa kambi moja ya NARC, na eneo likampa kura Kibaki.

Mwaka 2007 Kalonzo aligombea mwenyewe kwa ODM-Kenya. Alikuwa wa tatu kwa kura karibu 880,000, kama asilimia 9, na sehemu kubwa ya kura hizo ilitoka Ukambani. Januari 2008 akawa Makamu wa Rais.

Mwaka 2013 na 2017 Kalonzo alikuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, kwanza katika CORD kisha NASA. Mara zote mbili Raila alipata zaidi ya theluthi mbili ya kura Kitui na Makueni. Marudio ya Oktoba 26, 2017, ambayo NASA iliyasusia, watu walibaki nyumbani.

Mwaka 2022 Raila alimchagua Martha Karua kuwa mgombea mwenza. Kalonzo alitangaza atagombea peke yake, kisha mwanzoni mwa Juni akarudi Azimio. Raila alishinda tena kaunti zote mbili kwa zaidi ya theluthi mbili, lakini William Ruto aliambulia sehemu kubwa kuliko aliyoipata Uhuru Kenyatta miaka mitano nyuma.

Ukiitazama orodha hii kwa makini utaona jambo. Watu hawa wamempa kura Mkikuyu, wamempa Mjaluo, na wamempa mwana wao. Hawajafungwa na kabila la mgombea. Basi ni nini kinachowafunga?

1. Mwana wa nyumbani awe mezani

Sababu ya kwanza na yenye uzito zaidi ni hii: je, yupo wa kwetu mahali pa kugawia? Si lazima awe ndiye mgombea, bali awe mezani, na kiti chake kionekane. Jambo hili ni la tangu kale. Mwaka 1962 Paul Ngei, mmoja wa waliofungwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, aliondoka KANU na kuunda African Peoples Party, akaenda nayo katika uchaguzi wa 1963, kisha akarudi KANU mwaka huo huo. Funzo ambalo wazee wa Ukambani walilipata hapo ni kwamba kundi dogo lililoshikamana huitwa likaongee, na kundi lililotawanyika halina wa kuliita.

Ndiyo maana 1997 na 2007 hazifanani. Mwaka 1997 walikuwepo wana wa nyumbani wawili, mmoja kwenye karatasi ya kura na mwingine serikalini, na kura zikagawanyika. Mwaka 2007 Kalonzo alikuwa kwenye karatasi mwenyewe, na nyingi zikaenda kwake. Mwaka 2022 kiti chake kilionekana kimesogezwa pembeni, na baadhi ya watu wakaona hawana deni.

2. Hesabu ya Katiba

Katiba ya 2010, kifungu cha 138, inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani zisizopungua 24 kati ya 47. Hakuna jamii moja nchini inayofikisha hesabu hiyo peke yake. Kwa hivyo siasa ya urais imekuwa siasa ya miungano, na eneo lenye kura milioni moja na zaidi zinazokwenda pamoja huwa na bei.

Wapiga kura wanaijua hesabu hii. Nimewahi kumsikia muuza maembe wa Wote akiifafanua vizuri kuliko wachambuzi wa runinga: "Sisi hatutoshi kumweka rais. Lakini bila sisi, huyo anayetaka hatoshi pia."

3. Maji, njaa na barabara

Kitui na Makueni ni nchi kame. Mvua zikikosekana misimu miwili, ng'ombe hufa na watoto huacha shule. Kina mama hutembea mwendo mrefu kwenda kuchimba maji mchangani katika mito iliyokauka. Kila mgombea urais anayefika huko huahidi mabwawa. Bwawa la Thwake, Makueni, lilianza kujengwa 2018, na tarehe ya kulikamilisha imesogezwa zaidi ya mara moja.

Je, maendeleo hununua kura ya urais? Ushahidi wasema si rahisi. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria mwisho wa Mei 2017, miezi miwili na kidogo kabla ya uchaguzi, na stesheni zake Mtito Andei, Kibwezi na Emali zote ziko Makueni. Agosti hiyo Makueni ilimpa Raila kura kwa wingi vilevile. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo nayo iliwekwa lami chini ya serikali ya Jubilee. Watu waliishukuru barabara, wakapita juu yake kwenda kupigia kura upande wa pili.

Sababu nimeielewa baada ya kuwasikiliza. Kwao barabara ni haki iliyochelewa, na mtu hashukuriwi kwa kulipa deni. Ahadi isiyotimizwa ndiyo hukumbukwa. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, lakini Kitui maji nayo ni mazito, kwa kuwa yamebebwa kichwani.

4. Karatasi sita, mizani mbili

Hapa ndipo kauli ya barazani inapoanguka. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Kitui na Makueni, karatasi ya rais hupimwa kwa mizani moja, na nyingine hupimwa kwa mizani tofauti kabisa.

Mifano ni mingi. Mwaka 2007, Kitui ikimpa Kalonzo kura, Kitui ya Kati ilimrudisha bungeni Ngilu aliyekuwa akimpigia debe Raila. Mwaka 2013, Wiper ikiwa imetanda kote, Makueni ilimchagua Kivutha Kibwana kuwa gavana kwa tikiti ya chama kidogo cha Muungano. Mwaka 2017 Ngilu, kwa NARC, alimwondoa Julius Malombe wa Wiper katika ugavana wa Kitui, naye akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Uchaguzi huo huo, Rachel Nyamai alishinda Kitui Kusini kwa Jubilee. Mwaka 2022 Nimrod Mbai alishinda Kitui Mashariki kwa UDA, na Mwengi Mutuse akashinda Kibwezi Magharibi kwa Maendeleo Chap Chap, chama kilichokuwa upande wa Ruto. Maeneo yote hayo yako katika kaunti ambazo Raila alizishinda.

Mizani ya pili hupima mtu na kazi. Kibwana alisifiwa kwa Makueni Care, mpango wa 2016 ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Ngilu alipopiga marufuku biashara ya makaa 2018, wako waliomsifu kwa kulinda miti na wako waliomlaani kwa kuwakatia riziki. Lakini hata mizani hii hugeuka: Malombe alirudi ugavana 2022, na Kibwana alipowania useneta mwaka huo alishindwa na Dan Maanzo wa Wiper. Kazi nzuri ya jana si hati ya kumiliki kura ya kesho.

5. Ukoo, kanisa na redio

Wakamba wana koo zao, waziitazo mbai, na nyingi kati yake zina mikutano na viongozi. Katika kura za wadi, ubunge na ugavana, ukoo na upande mtu atokako husemwa waziwazi: Mwingi au Kitui, Mbooni au Kibwezi. Kwenye kura ya urais jambo hili hupoa, kwani mpinzani anaonekana kuwa wa nje.

Kanisa lina nafasi pia. Wamishonari wa Africa Inland Mission walianza kazi yao Nzaui, Makueni, mwaka 1895, na kanisa la AIC limeenea kote, sambamba na Wakatoliki wa Dayosisi ya Kitui. Wanasiasa hufika Jumapili na bahasha ya harambee. Nilivyoona mimi, mimbari haimchagulii mtu rais, ila humsafishia jina au kumchafulia.

Chenye nguvu kuliko vyote hivyo ni redio ya Kikamba. Musyi FM na Mbaitu FM husikika jikoni, dukani na kwenye matatu. Gazeti la Nairobi likisema jambo asubuhi, jioni redio imeshalijadili kwa lugha ya mama, na hapo ndipo maana yake huamuliwa.

6. Pesa na vijana

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaharamisha kununua na kuuza kura. Hata hivyo nimeona leso, nimeona unga wa kilo mbili, nimeona noti ya mia mbili ikikunjwa ndani ya kiganja. Pesa hizi zina nguvu katika kura ya wadi, ambapo watu mia wanaweza kuamua. Kwenye urais hupotea hewani. Kauli niliyoisikia Makindu ni "kula huku, kura kule".

Kwa vijana, hasa wa bodaboda na vibanda kando ya barabara kuu, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, wito wa mahasla mwaka 2022 uliingia masikioni. Shemeji yangu mdogo alimpigia Ruto na baba yake akampigia Raila, na wote walikula sahani moja usiku ule. Mzee alikumbuka vyama, kijana alitazama mfuko. Pengo hilo la umri litaendelea kupanuka.

7. Kufika kituoni

Sababu ya mwisho haizungumzwi sana, nayo ndiyo huamua ukubwa wa zote zilizotangulia. Kura haihesabiwi kwa upenzi, huhesabiwa kwa waliofika. Wakamba wengi wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi wamejiandikisha nyumbani, na uchaguzi ukikaribia hurudi. Wanaokosa nauli hukosa kura. Mke wangu aliikosa yake mwaka 2022 kwa sababu hiyo: alijiandikisha Kibwezi, nauli ikapanda wiki ile ile, na sisi hatukuwa na akiba.

Mimi sikuwa na kisingizio hicho. Kituo changu kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Niliiona foleni, nikaliona jua, nikasema kura moja haibadilishi kitu, nikarudi nyumbani kulala.

Wiki tatu baadaye tulikwenda Kibwezi. Baba mkwe, aliyekwisha pita miaka themanini, alisimulia alivyoondoka alfajiri na fimbo yake kwenda kupanga foleni. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, na nyinyi Mombasa mlifikaje fikaje vituoni?" Nilisema, "Baba, watu walijitokeza kiasi." Hakuniuliza kama mimi nilikuwa mmoja wao. Alinitazama tu, akaendelea kunywa chai yake.

Funzo kwetu Pwani

Baadaye nilizitafuta takwimu, nazo zilinitia haya. Mwaka 2022 Mombasa ilikuwa na wapiga kura walioandikishwa zaidi ya 640,000. Kitui ilikuwa nao kama 530,000. Waliofika kituoni Mombasa hawakufika nusu, na kaunti yetu ikawa ya mwisho nchini kwa kujitokeza. Matokeo yake ni kwamba Kitui, yenye daftari dogo kwa zaidi ya majina laki moja, ilitoa kura nyingi za urais kuliko Mombasa.

Sisi tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika, juu ya ardhi, bandari na ajira. Tunauliza kwa nini wenzetu wa Ukambani huitwa mezani na sisi tunaletewa salamu. Jibu moja ni kwamba wao wamejenga mazoea mawili: kwenye urais wanakwenda kwa pamoja, na kwenye viti vya nyumbani wanamhukumu mtu kwa kazi yake bila kujali chama. Mazoea hayo yana kasoro zake. Kuwa ngome ya mtu mmoja kuna hatari ya kusahauliwa baada ya kura, na Thwake ni ushahidi kwamba kuitwa mezani si kushiba. Lakini wanapokwenda mezani, wanakwenda na hesabu mkononi. Sisi tunakwenda na malalamiko.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Raila, aliyepewa kura hizo mara tatu mfululizo, alifariki Oktoba 2025, na Kalonzo ametangaza kuwa anautaka urais. Kitui na Makueni zitapima upya kwa mizani ile ile: wa kwetu yuko wapi, nani anaungana na nani, na nani tutamwamini. Vijana wao watauliza mengine. Hakuna awezaye kuwasemea watakavyoamua.

La kwetu naliweza kulisema. Daftari la wapiga kura halihitaji kiongozi wala kabila, lahitaji kitambulisho na nusu siku. Mke wangu ameamua kuhamishia kura yake Mombasa ili nauli isimzuie tena. Mimi nimeshamwahidi baba mkwe kwamba akiniuliza tena, nitakuwa na jibu.